Wasomaji Wauliza: Anime ipi inamfaa mtoto wangu?

Mwanangu ana miaka minane. Anataka kuangalia anime (katuni ya Kijapani) iitwayo Kimetsu no Yaiba, au Demon Slayer kwa Kiingereza, kwa kuwa wenzake darasani wanaizungumzia kila siku. Mimi naona ni katuni tu. Nimruhusu? (Mama Nuru, Morogoro)

Bado, Mama Nuru. Katika sehemu ya kwanza kabisa kijana Tanjiro anarudi nyumbani na kukuta mama yake na wadogo zake wameuawa, damu imetapakaa. Kuanzia hapo pepo wanauawa kwa kukatwa kichwa, na tunaonyeshwa. Filamu yake ya mwaka 2020 ilipewa daraja la PG12 huko huko Japani, yaani mtoto wa chini ya miaka 12 aongozwe na mzazi. Marekani iliwekwa R, ambako aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini bila mtu mzima. Miaka minane ni midogo mno.

Utaona pia imeandikwa *shonen*, na wazazi wengi hulichukua neno hilo kama kibali. Linataja tu wasomaji waliolengwa na gazeti la katuni ambamo hadithi ilianzia: wavulana, hasa wa umri wa kubalehe. Halipimi damu wala lugha.

Lakini ukimkatalia tu, ataiangalia kwa jirani. Mtafutie kitu chenye ushindani na urafiki, maana hicho ndicho kinachowavuta wavulana wa rika lake. Captain Tsubasa ni hadithi ya mpira wa miguu tangu mwanzo hadi mwisho. Toleo la mwaka 2018 lina picha safi, na wasomaji wetu walioko Oman wanamfahamu kijana huyu kwa jina la Kapteni Majid. Pokémon nayo ina mapambano mengi, ila kiumbe anayeshindwa huzimia tu. Kwa jioni ambayo familia nzima imekaa pamoja, wekeni My Neighbor Totoro ya mwaka 1988, dakika 86, ambayo haina adui hata mmoja. Jambo pekee la kumwandaa nalo ni kwamba mama wa wale wasichana wawili yuko hospitalini. Mtoto aliyeuguliwa na mzazi anaweza kuguswa sana.

Chagua yenye sauti ya lugha anayoielewa. Mtoto wa darasa la pili hawezi kufuata maandishi yanayopita chini ya kioo, kwa hiyo anabaki na picha bila maelezo, na tukio la kutisha linamtisha maradufu.

Sisi hujaziwa katuni kwenye flashi dukani. Hakuna daraja la umri lililoandikwa popote. Nitajuaje? (Mzazi, Tanga)

Mwombe muuzaji jina kamili la kila anime kabla hajaanza kunakili, kisha litafute kwenye simu pamoja na maneno *age rating*. Utakayoyakuta mara nyingi ni madaraja ya televisheni ya Marekani. Ukikuta TV-Y7 au TV-G, hiyo inafaa shule ya msingi. TV-PG iangalie kwanza mwenyewe. TV-14 ni ya sekondari, na TV-MA ni ya watu wazima.

Usiamini picha ya jalada. Puella Magi Madoka Magica ina wasichana wenye macho makubwa na nguo za rangi ya waridi, lakini katika sehemu ya 3 mmoja wa wahusika wakuu anauawa kikatili, na hadithi inazidi kuwa nzito. Ndiyo maana kuonja sehemu ya kwanza pekee hakutoshi: angalia ya 1, ya 3, na moja iliyo karibu na mwisho.

Jina la studio pia si dhamana. Studio Ghibli iliyotengeneza Totoro ilitoa Grave of the Fireflies siku hiyo hiyo, tarehe 16 Aprili 1988. Hiyo ya pili inahusu kaka na dada yake mdogo wanaokufa kwa njaa wakati wa vita. Ni filamu bora kabisa, ila mtoto wa miaka sita haiwezi.

Nimemfungulia binti yangu akaunti ya watoto Netflix, lakini bado namkuta na anime za wakubwa. (Baba Kevin, Nakuru)

Yamkini anaingia kupitia akaunti yako (Netflix huiita *profile*), maana iko pale pale kwenye ukurasa wa kwanza. Fungua Netflix kwenye kivinjari, nenda kwenye mipangilio ya akaunti, na uweke namba ya siri ya tarakimu nne kwenye akaunti ya kila mtu mzima. Hapo hapo weka sharti kwamba namba hiyo iulizwe kabla ya kufungua akaunti mpya. Bila sharti hilo atajitengenezea nyingine kwa dakika moja. Kisha ingia kwenye akaunti yake, shusha kiwango hadi 7+, na uzuie kwa jina anime yoyote usiyoitaka. Zima pia ile hali ya sehemu inayofuata kuanza yenyewe.

YouTube ni kazi nyingine. Kwenye YouTube Kids kuna chaguo la kuidhinisha video moja moja. Kwa mtoto wa chini ya miaka minane tumia hilo. Na kwenye Google washa SafeSearch, yaani kichujio cha picha chafu, katika simu anayoitumia, kwa sababu wapo watu wanaochora picha za ngono za wahusika maarufu, hata wa Pokémon, na jina la mhusika pekee linatosha kuzileta.