Usiipinde Modeli Yako kwa Ajili ya Namba Moja

Wiki iliyopita msomaji aliyeanza shahada ya uzamili aliniandikia, na baada ya shikamoo akauliza: "Kaka, tungamo la kwaki ya chamu niliweke kiasi gani ili hesabu yangu ikubaliane na vipimo?" Kwaki ni chembe ndogo zinazounda protoni na nyutroni, na chamu ni mojawapo ya aina zake nzito. Nilisoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, na jibu nililopewa lilinigharimu sura nzima ya tasnifu.

Nilikuwa nikikokotoa namna mesoni (chembe ya kwaki na antikwaki) iitwayo J/psi inavyovunjika kuwa mesoni nyingine, eta-c, na fotoni moja, yaani chembe ya mwanga. Zote mbili ni kwaki ya chamu iliyofungamana na antikwaki yake. Katika J/psi spini zinaelekea upande mmoja, katika eta-c zinapingana. Upana wa mvunjiko huo, yaani kipimo cha kasi yake kinachotajwa kwa uniti za nishati, hutegemea mraba wa chaji ya kwaki na kipeo cha tatu cha nishati ya fotoni, vikigawanywa kwa mraba wa tungamo la kwaki. Kwa tungamo hilo niliweka gigaelektronivolti 1.5, nikapata upana wa kiloelektronivolti 2.6. Kipimo cha jaribio la Crystal Ball, kilichofanyika Marekani, kilikuwa asilimia 1.27 ya mivunjiko yote ya J/psi, yaani kama kiloelektronivolti 1.2 tu.

Niliona haya. Mtu niliyemtegemea kwa ushauri akaniambia niipunguze momenti ya sumaku ya kwaki, yaani nguvu yake kama sumaku ndogo, kwa kizidishi, nami nikatii, 0.67 ikatosha, na grafu ikapendeza mno. Mwaka 2009 watafiti wa jaribio la CLEO wakatangaza asilimia 1.98, wakaonyesha pia kwamba kilele cha eta-c kwenye grafu ya nishati za fotoni kimepinda, kwa kuwa kile kipeo cha tatu cha nishati hukinyanyua upande mmoja. Kizidishi changu kikabaki bila kazi, na aliyenishauri akasema hakumbuki kunishauri. Baadaye, mwaka 2012, hesabu za kimiani (za kompyuta, zinazogawa nafasi na wakati kuwa vidoto) za kundi la HPQCD zikatoa takriban kiloelektronivolti 2.5, na mwaka 2014 watafiti wa jaribio la KEDR la Novosibirsk, Urusi, wakapima karibu 3. Ile 2.6 niliyoifuta haikuwa ya kuchekwa hata kidogo, na sifichi kwamba jambo hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kugusa parameta yoyote, rudieni hesabu kwa kalamu. Nishati ya fotoni si tofauti ya matungamo, ambayo ni megaelektronivolti 113, bali ni kama 111, kwa kuwa eta-c nayo hurudi nyuma. Ukisahau hilo, kipeo cha tatu kinakuzidishia jibu kwa asilimia 6 hivi. Ukiazima programu iliyoandikwa kwa kwaki ya botomu, aina nyingine nzito, badilisha chaji kutoka theluthi moja kwenda theluthi mbili, la sivyo jibu litapungua mara nne. Hilo nalo limenipata, usiku wa kuamkia semina.

Msomaji wangu nilimpa zoezi la mvunjiko wa psi(2S), yaani J/psi iliyo katika hali ya nishati ya juu zaidi, kwenda eta-c na fotoni. Jana akajibu kwamba amepata sifuri, akauliza kama programu yake imeharibika. Haijaharibika: katika makadirio ya kwanza mawimbi ya hali hizo mbili ni othogonali, yaani ukiyazidisha na kujumlisha, sehemu chanya na hasi hufutana, kwa hiyo muingiliano wake ni sifuri, na ile asilimia 0.34 hivi inayopimwa maabara hutokana na yale aliyoyaacha nje, yaani nguvu kati ya spini, mwendo wa kirelativiti, na urefu wa wimbi la fotoni ambao hapa si mkubwa tena ukilinganishwa na mesoni yenyewe.