Wakitaka Kuuza Uwanja wa Kijiji, Ulizeni Muhtasari Kwanza

Juzi dada mmoja wa upande wa Muheza kaniandikia: "Kaka, uwanja wetu wa kijiji umeshachomekwa bikoni za mipaka. Kuna watu wanataka kujenga nyumba za kuuza. Vijana wamepania kuzing'oa usiku. Nyie huko Bagamoyo mliwashindaje?"

Dada yangu, waambie vijana walale. Mkigusa bikoni mtageuzwa washtakiwa, na wakati nyie mnahangaika na dhamana, mwenzenu yuko ofisini anakamilisha karatasi zake. Kinachoua mradi wa namna hiyo ni karatasi. Nawaambia kwa sababu nimeyaona.

Kijiji chetu sikitaji, nina majirani wa kuishi nao. Kiko jirani na barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Bagamoyo, na mnaijua hali yake: siku hizi kila mnazi una kibao cha viwanja vinauzwa. Uwanja wenyewe si wa kumwonyesha mgeni. Magoli ni ya milingoti, nyasi ziko upande mmoja tu, na masika bata wanaogelea penye duara la kati. Lakini Idd tunaswalia pale, ndondo inachezwa pale, mikutano ni pale, na harusi ikizidi ua wa mtu inahamia palepale. Kampuni ikaja na picha za nyumba za vigae vyekundu, tukaambiwa tusijisumbue, kijiji kimesharidhia. Lini? Kwenye Mkutano Mkuu. Nani alikuwepo? Watu wakatazamana.

Hapo wengi wakaanza kupiga kelele. Mimi nikaomba muhtasari, yaani maandishi ya yaliyosemwa na kuamuliwa mkutanoni.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, haijaficha kitu. Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini, kwa niaba ya wanakijiji. Haiwezi kumgawia mtu ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia kwanza, na Mkutano Mkuu ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, akiwemo bibi anayeuza vitumbua na kijana anayeshinda kijiweni. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: mkutano ulikaa au haukukaa? Jibu lake liko kwenye muhtasari na orodha ya mahudhurio.

Kuupata huo muhtasari nilizungushwa sana, sitawachosha. Siku ulipowekwa mezani nikaona umeambatishwa orodha ndefu ya majina na sahihi. Jina langu limo. Sahihi ni yangu kabisa, hakuna aliyeighushi. Ila mimi nimekuwa karani wa ghala nusu ya maisha yangu, karatasi iliyochezewa naijua kwa kuishika. Ukingo wa kulia ulikuwa umekatwa kwa mkasi, tena mkasi butu, na kwenye mistari kadhaa zilibaki nusu za tarakimu: mkia wa mbili, tumbo la tatu. Nikakumbuka. Ile ilikuwa orodha tuliyosaini siku ya kugawiwa vyandarua! Safu iliyokatwa ni ya idadi ya vyandarua kwa kila kaya. Kijiji kizima kimesaini kupokea vyandarua, wao wakaigeuza kuwa ridhaa ya kutoa uwanja.

Sikugomba. Niliomba nakala, nikapiga picha kila ukurasa mbele na nyuma, tukaandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, nakala kwa mkuu wa wilaya, na kila barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Mkutano ukaitishwa upya, mchana kweupe, uwanjani penyewe. Mikono iliyonyooshwa kukataa sikuhitaji kuihesabu. Kampuni ikahamishia vibao vyake kwingine.

Na shukrani? Siku ya kusherehekea alishukuriwa nahodha wa timu, alishukuriwa aliyeleta spika. Mimi naitwa mpinga maendeleo mpaka leo na jirani mmoja aliyekuwa ameahidiwa kiwanja cha pembeni. Salamu yangu haitiki. Sawa tu.

Sasa nisikilizeni. Barua ya pingamizi isiandikwe kwa machozi. "Tunaonewa" haimsaidii ofisa anayeisoma. Andikeni kwamba maji ya masika yanatuama pale na nyumba zitayasukuma majumbani kwa watu, kwamba watoto wa shule hawana pengine pa kuchezea, kwamba hakuna eneo mbadala lililotengwa. Na ombeni muhtasari. Kama hapo kwenu ni mtaa ndani ya mji, mambo ya Mkutano Mkuu wa Kijiji hayapo. Nendeni kwa watu wa mipango miji mkaangalie mchoro unasema eneo hilo ni la matumizi gani, na kama kuna anayeomba kuyabadilisha. Mkishindwa ofisini kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini huko pia mtaulizwa karatasi. Muhtasari, ndugu zangu. Tumezoea kukwepa mikutano, tunasaini tusichokisoma, halafu tunalia viongozi wametuuza. Mkutano wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Wewe uliingia lini mara ya mwisho?

Jambo jingine: kukataa peke yake hakutoshi. Uwanja ukibaki wa midomoni, atakuja mwingine. Sheria hiyohiyo inataka ardhi ya matumizi ya pamoja itengwe, iridhiwe na Mkutano Mkuu na iandikwe kwenye daftari. Uwanja ukiingia pia kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, ni bora zaidi. Sisi tuko hapo sasa, tunachangishana ili mipaka ipimwe. Orodha ya michango ninayo mimi, na wanaodaiwa ni walewale waliopiga kelele kuliko wote.