Usingoje ari ije ndipo ufungue daftari

Wadogo zangu walioingia chuo huniuliza nilikuwa napata wapi ari ya kusoma. Jibu langu huwakatisha tamaa kidogo: siku nyingi sikuwa nayo. Nilikaa mezani sina hamu hata chembe, hamu ikanikuta nimeshaandika nusu ukurasa. Siku nyingine haikuja kabisa, na kazi iliisha vilevile. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaojiona wavivu, au wanaodhani wamechagua kozi isiyo yao, kisa tu wameamka Jumatatu hawataki kuona kitabu. Hata anayeongoza darasa huamka hivyo.

Msongo wa mawazo nao si wa kufukuzwa wote. Mwaka 1908, Robert Yerkes na John Dodson wa Marekani walichapisha jaribio lao la kuwafundisha panya kuchagua njia sahihi, na aliyekosea alipigwa shoti ya umeme. Katika zoezi gumu, waliojifunza haraka zaidi ni waliopata shoti ya wastani. Iliyokuwa hafifu mno au kali mno iliwachelewesha. Panya hawadaiwi ada, najua, lakini nilikuja kuona jambo kama hilo kwangu: presha kidogo kabla ya jaribio ilinikalisha kitini, na ilipopita kiasi nilisoma ukurasa mmoja mara nne bila kuelewa neno.

Unaoumiza hasa, kwa nilivyouona kwangu na kwa niliosoma nao, ni ule msongo usio na umbo. Una kazi za masomo matatu, ripoti ya kikundi na jaribio la Ijumaa, zote zinazunguka kichwani kwa mpigo, na hakuna hata moja unayoweza kusema imebaki kiasi gani. Hapo ndipo mtu huanza kusafisha chumba. Husafisha kwelikweli, hadi nyuma ya kabati. Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, katika makala yao ya mwaka 2013, walieleza kwamba kuahirisha kazi ni namna ya kutuliza hisia za wakati huo. Kazi inakutia hofu, ukiiacha hofu inapungua, na nafuu hiyo ndogo inakuzoesha kuiacha tena kesho. Ndiyo maana kujikaripia hakusaidii. Kunaongeza hofu ileile unayoikimbia.

Kilichonifaa mimi ni karatasi. Kila mwisho wa wiki niliandika yote niliyodaiwa, hata yale madogo ya aibu kama kurudisha kitabu maktaba, kisha nikayavunjavunja. "Kuandika tasnifu" si kazi ya Jumanne asubuhi. Hakuna binadamu anayeweza kuifanya. "Kutafuta makala mbili kuhusu mada yangu na kuandika sentensi tatu juu ya kila moja" inawezekana. Kipimo changu kilikuwa rahisi: kama sijui nianze kwa kufungua kitu gani, basi kazi bado haijavunjwa vya kutosha. Na mara nyingi, nikishaiangalia orodha, niligundua kwamba nusu ya vilivyokuwa vinaninyima usingizi havikuwa vya wiki hiyo.

Kuanza kwenyewe nako kuna mbinu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Francesco Cirillo, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo huko Italia, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya kujipimia muda: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Kwa kusoma na kukokotoa, dakika hizo zilinitosha vizuri. Kwa kuandika zilinikera, maana kengele ililia ndipo sentensi zinaanza kukubali, kwa hiyo nilizirefusha bila kumwomba mtu ruhusa. Simu iwe chumba kingine. Kuifunika kifudifudi mezani ni kujidanganya.

Kuna msongo mwingine tunaujenga kwa namna tunavyosoma. Kupitia notisi tena na tena kunatuliza moyo, kila kitu kinaonekana unakijua, mpaka ufike chumba cha mtihani. Watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima hili mwaka 2006. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki, waliojipima kwa kukumbuka bila kuangalia ndio waliowashinda. Kwa hiyo funga daftari, andika unachokumbuka, kisha fungua uone pengo liko wapi. Inauma. Ila ni afadhali ikuumize ukiwa chumbani kwako, muda wa kurekebisha ungalipo.

Kukesha sikupendi na sitakusifia, ingawa najua kuna usiku hauepukiki. Jua tu kwamba kwa watu wazima wengi mwili huchukua takriban saa 5 kuondoa nusu ya kafeini uliyokunywa, yaani kile kilichomo kwenye kahawa kinachofukuza usingizi. Kahawa ya saa 5 usiku, nusu yake bado unayo saa 10 alfajiri, na ubongo unahitaji usingizi huohuo kuyahifadhi uliyoyasoma.

Ukiona hutamaliza kazi kwa wakati, mwone mhadhiri kabla ya siku ya kukusanya, si baada yake. Wengi ni wagumu kwa anayekuja amechelewa na visingizio, lakini humsikiliza anayekuja mapema na kurasa alizokwisha kuandika mkononi.

Haya yote ni kwa ajili ya uchovu wa kawaida wa masomo. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi huna furaha na chochote, usingizi umekimbia au umezidi, chakula hakipiti, na masomo si sababu pekee, karatasi yangu haitakusaidia. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au daktari, umweleze kama ambavyo ungeeleza homa isiyoshuka. Na kama yamekujia mawazo ya kujidhuru, usingoje miadi ya wiki ijayo: mwambie leo mtu unayemwamini, akusindikize hospitali.