Ndoo nne zamwagwa ili upate moja ya samaki

Ndugu yangu, umesema mashine yako ya kuchuja maji ya samaki inamwaga ndoo nne kwa kila ndoo moja ya maji safi, na maji yanashuka kutoka simtangi la juu ya paa. Tatizo liko hapo hapo kwenye presha. Kila mita 10 za kimo hukupa baa 1 tu (baa ni kipimo cha presha), kwa hiyo simtangi lililo juu mita nne halifikishi hata nusu baa, ilhali utando wa mashine hizi, yaani ile ngozi nyembamba inayochuja chumvi, unataka kama baa 4. Presha ikiwa ndogo, maji mengi hupita pembeni na kuishia kwenye mfereji. Funga pampu ndogo ya kuongeza presha kabla ya utando. Utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Tafadhali usikibane kile kizuizi cha bomba la maji machafu, kinachopunguza kasi ya maji yanayomwagwa, ili kubana matumizi. Chumvi itaganda kwenye utando na utanunua mwingine. Kichujio cha mkaa nacho kibadilishe kwa wakati, maana klorini ya bomba huuharibu utando.

Lakini unafuga samaki gani? Wale wa Ziwa Tanganyika wanapenda maji magumu, yenye madini mengi, hivyo hawahitaji mashine kabisa: ondoa klorini tu. Kama ni neon tetra, wale samaki wadogo wanaopenda maji laini, changanya maji yaliyochujwa na ya bomba.

Yanayomwagwa yakinge kwenye pipa, yadekie na kumwagia chooni. Kama ni ya kisima cha chumvi, usimwagilie mchicha.