Vidonge vya "kuyeyusha damu" kwa mzee aliyepata kiharusi

Mkuu, pole na mzee. Umeuliza kama anaweza kuacha aspirini ya hospitali, atumie vidonge vya natokinasi alivyoletewa na shemeji yako, kwa kuwa ni "vimeng'enya vya asili" na vinazuia damu isigande. Asiache. Nimemuuguza mama hapa Dodoma kwa ugonjwa huohuo.

Kuyeyusha bonge la damu lililokwisha kuziba mshipa ni kazi moja, kuzuia bonge jipya ni nyingine. Vimeng'enya vilivyothibitishwa kwenye kiharusi ni vya ile ya kwanza. Kimojawapo ni alteplezi: huingizwa kwenye mshipa, inaamsha plasimini, kimeng'enya cha mwili wenyewe, nayo plasimini inakatakata nyuzi za fibrini zilizoshikilia bonge. Marekani waliiruhusu kwa kiharusi mwaka 1996, itolewe ndani ya saa 3 tangu dalili zianze. Utafiti wa 2008 ukaonyesha inasaidia hadi saa 4 na nusu. Siku hizi ipo pia tenekteplezi, sindano moja na imekwisha, wakati alteplezi inaingizwa kwa dripu saa nzima. Lakini alteplezi haikai mwilini, dakika kama 5 tu nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Dawa ya namna hiyo haimlindi mtu hadi mwezi ujao.

Wala si ya kubahatisha. Kipimo cha CT, yaani picha ya ubongo, kwanza, maana kuna kiharusi cha mshipa kupasuka, na huyo ukimpa dawa ya kuyeyusha damu unammaliza. Streptokinasi, inayotokana na bakteria, ilijaribiwa kwenye kiharusi miaka ya 1990 na majaribio yakasimamishwa kwa sababu ya wagonjwa kuvuja damu ubongoni. Kwa hiyo hilo neno "inayeyusha" lisikutie moyo haraka.

Mama aliamka asubuhi huko Bahi mkono wa kulia hauinuki, mdomo umekwenda upande. Tulipofika mjini daktari hakutaka kujua ameamka saa ngapi. Aliuliza, "Mara ya mwisho mlimwona mzima ilikuwa saa ngapi?" Mdogo wangu akajibu saa 4 usiku, alipokuwa anafungia kuku. Basi muda ukahesabiwa kuanzia hapo, na ulikuwa umeshapita. Kwa hiyo nyumbani kwenu hata leo, akianza kulegea upande mmoja au maneno kumpotea, tazameni saa kabla hamjatafuta gari.

Mama akapewa aspirini, statini (dawa ya kushusha kolesteroli), dawa za presha na mazoezi ya viungo. Hizo ndizo za kuzuia, na presha ndiyo ya kuiandama kuliko zote. Baadaye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikaonyesha moyo unapiga bila mpangilio. Moyo wa hivyo damu hutuama kwenye chumba cha juu ikaganda, kisha kipande kinapanda kichwani. Aspirini ikaondolewa, ikaja warfarini, dawa yenye nguvu zaidi ya kuzuia damu ya namna hiyo isigande, na kupima INR kila mara, yaani damu inachukua muda gani kuganda.

Hapo ndipo ugomvi wa mlenda ulipoanza. Jirani alimwambia aache mboga zote za majani kwa sababu ya vitamini K, inayopunguza nguvu ya warfarini. Mama ni Mgogo, akauliza, "Huo ugali nitausukumia na nini?" Daktari akasema asiache, ale kiasi kilekile siku zote, dozi ya warfarini ndiyo itakayopangwa kufuata chakula chake. Kinachoharibu ni wiki hii mlenda kila siku, wiki ijayo hagusi kabisa.

Natokinasi inatokana na soya iliyochachushwa ya Wajapani. Inauzwa kama kirutubisho, na hakuna jaribio lililothibitisha kwamba inazuia kiharusi kurudi. Ukiichanganya na aspirini au warfarini, hatari ya kuvuja damu inaweza kupanda. Hiyo chupa mpelekee daktari wake aione kabla mzee hajameza hata kimoja.

Hujasema kama mzee alipimwa ECG. Halafu angalia kwenye pakiti zake zote, kuna iliyoandikwa warfarini?