Juliasi Kaizari: Soma Kwanza, Ndipo Uwashe Filamu

Vijana ninaosoma nao tamthilia hapa Mbeya huniomba tuanze na filamu ya Julius Caesar, kitabu cha Shakespeare kije baadaye. Filamu naipenda sana. Ninachokataa ni mpangilio huo. Ukianza na ile ya Joseph L. Mankiewicz ya mwaka 1953, sura ya Marlon Brando, anayeigiza Antony, itakukaa kichwani, na Antony hatakuwa tena mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo anza na maandishi. Kiingereza cha Shakespeare kikikukwamisha, pitia kwa Mwalimu Nyerere, aliyeitafsiri tamthilia hii mwaka 1963 akiwa Rais, kisha akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Usikimbilie kuimaliza yote. Chukua tendo la tatu, onyesho la pili, pale Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, na Antony, rafiki wa Kaizari, wanapohutubia umati, na usome kwa sauti. Brutus huhutubia kwa nathari, Antony kwa ushairi. Kwangu mimi tanzia yote iko hapa: Brutus anampa mpinzani wake jukwaa, anawasihi watu wabaki wamsikilize, kisha anajiondokea. Uungwana wake ndio unaomwangusha.

Sasa washa filamu. Antony anasema moyo wake umo jenezani pamoja na Kaizari, hivyo anyamaze kwanza mpaka umrudie. Kitabuni, raia mmoja anasema macho ya Antony yamekuwa mekundu kwa kulia. Brando yeye anaupa umati mgongo, na kamera inatuonyesha uso wake akiwasikiliza watu wanavyoanza kugeuka. Je, analia kweli? Kitabu kinakuachia swali hilo. Kamera inakusukuma upande mmoja, nawe usikubali upesi.

Vijana waliokulia kwenye mabanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, ya Mwanjelwa hapa Mbeya wanajua mtafsiri anayesema juu ya filamu anavyoweza kuifanya sinema iwe yake kwa sauti tu. Nasi hufanya hivyo: tunazima sauti ya filamu, mmoja anasoma Kiswahili cha Mwalimu juu ya midomo ya Brando. Akisoma kwa uchungu, uso ule ni wa mfiwa. Akipokea mwenzake mwenye ujanja kooni, uso uleule ni wa mwanasiasa anayehesabu watu wake. Hapo hubishana mpaka chai inapoa, na baridi ya Juni huku mnaijua. Yaandikeni mabishano hayo palepale, maana huo ndio uchambuzi.

Kisha tafuteni kilichoachwa. Filamu hiyo haina onyesho la Cinna mshairi, anayekamatwa na umati uliowashwa na hotuba ya Antony, kwa kuwa jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Anajitetea kwamba yeye ni mshairi tu. Wanasema basi araruliwe kwa mashairi yake mabovu. Bila Cinna, hotuba hiyo inabaki ushindi tu. Ni onyesho fupi. Lisomeni mkiwa mmesimama, raia wanne wakihoji kwa haraka, na Cinna awekwe katikati yao.