Daraja la Kyaka lilirudishwaje haraka vile?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Babu yangu aliendesha malori ya jeshi wakati wa vita vya Kagera. Anasema askari wa Idi Amin walilipua daraja la Kyaka, lakini kabla mwaka 1978 haujaisha JWTZ walikuwa wameshavuka mto na vifaa vyao. Daraja la kijijini kwetu lina mwaka wa tatu na bado. Wao waliwezaje? Na kwa nini daraja la namna hiyo lisiachwe moja kwa moja?

JIBU: Marahaba. Babu hajatia chumvi. Ndege za Amin zilijaribu kulipiga daraja zikalikosa, ndipo likategewa baruti na kuangushwa mwanzoni mwa Novemba. Barabara ya Bukoba kwenda Mutukula ikakatika hapo mtoni.

Siri ya daraja la kijeshi ni kwamba halisanifiwi siku linapohitajika. Liko stoo, limeshapigiwa hesabu zote. Yapo yanayoelea juu ya maboya, na yapo ya vipande vya chuma, maarufu kama Bailey. Nieleze hili la pili, maana nimelifunga mwenyewe baada ya mafuriko. Paneli moja ina urefu wa mita 3.05 na uzito wa kilo 260 hivi. Watu sita wanaibeba. Paneli zinaunganishwa kwa pini, nyundo mkononi, bila kuchomelea. Kisha daraja zima linasukumwa juu ya rola kutoka ng'ambo moja, likitanguliwa na kiunzi chepesi tunachokiita pua. Uzito wa nyuma lazima uishinde pua mpaka iguse upande wa pili, la sivyo mzigo wote unapiga mbizi. Ncha ya pua tunaiinua kidogo tangu mwanzo, kwa sababu ikiwa hewani itainama yenyewe. Ikishatua, pua inafunguliwa.

Kuliacha moja kwa moja inawezekana, na yapo yaliyozeeka kazini. Ila magari yanapita moja moja, polepole, na pini zinahitaji kukaguliwa kila mara. Mimi niliwahi kukuta kishikizo cha pini kimeng'olewa, nadhani kwa ajili ya chuma chakavu. Sikulala usiku ule.

Daraja la kudumu linachelewa kwa sababu ya yasiyoonekana. Baruti haivunji sehemu inayoanguka tu. Mshtuko hushuka hadi kwenye nguzo na misingi. Nguzo inaweza kusimama wima huku ndani imepasuka. Tunaigonga kwa nyundo hatua kwa hatua: zege zima linalia kwa ukali, lililoachana na nondo linatoa sauti ya debe tupu. Chini ya maji kuna kazi nyingine, maana vifusi vya daraja la zamani hugeuza mkondo, na mkondo huo unachimba udongo kwenye kitako cha nguzo. Eneo la vita lina nyongeza yake: mpimaji hakanyagi ukingo kabla wataalamu wa mabomu hawajausafisha.

Kwenu hakuna mabomu, lakini msingi ni uleule. Ukiona mashine ya kuchoronga iko mtoni wiki nzima bila nguzo kuonekana, huenda bado wanautafuta mwamba. Ukiona hakuna mashine wala mtu, hilo ulipeleke kwa diwani wako. Kwangu umekosea mlango.